Wiki ya Sahani Mjini Cádiz

Sisi tuliokulia Kilburn, London, enzi za kadi za simu za kukwangua tunajua raha ilivyokuwa rahisi. Televisheni ilikuwa moja, na rimoti ilikuwa mali ya Baba. Tulicheza mpira nyuma ya majumba mpaka Mama atoe kichwa dirishani: "Zuhura! Nassir! Njooni muoge, ama mwataka nishuke?" Hakuna aliyetaka ashuke. Jumamosi madrasa, Jumapili kugombania ukoko wa wali. Watoto wetu wa leo intaneti ikikatika kidogo tu hulala chali kochini kama wagonjwa. Sisi tulikosa vitu vingi, na wala hatukujua kama tumevikosa.

Kitu kimoja tu nilikijua kuwa nimekikosa, nacho ni likizo ya Hispania. Wenzangu darasani walirudi kutoka huko wekundu kama kamba waliochemshwa, na kila mmoja ana kofia ya majani. Likizo yetu sisi ilikuwa kwenda Thamesmead, upande wa pili wa London, kwa ami yangu, tunabadilisha basi mara tatu, tunakula, tunarudi. Basi jioni moja Baba, ambaye alikuwa dereva wa basi na mtu wa maneno machache, akatangaza kuwa Pasaka tutapanda ndege kwenda Cádiz, mji wa kale wa Hispania uliojengwa baharini. Mdogo wangu Nassir aliruka juu ya kochi. Mimi sikuruka, maana nilijua siri ya safari ile.

Nilikuwa nimemsikia Mama akizungumza kwa simu na dada yake wa Mombasa. "Skuli zikifungwa Julai narudi na watoto," alisema. "Sirudi tena huku. Hapa waweza kufa ukazikwa, jirani akadhani umehama. Yeye na abaki na basi lake." Baba naye alikuwa ameshaambiwa. Hakubishana. Yeye alijibu kwa vitendo, na vitendo vyake mara nyingi vilikuwa vya ajabu. Nilikwenda Cádiz nikiomba Mungu kila mtu afurahi, kwa sababu nilimpenda Mama na sikutaka kumwacha Baba.

Ule mji, jamani! Bahari imeuzunguka, umeachiwa shingo nyembamba tu ya nchi kavu. Vichochoro vyake ukinyoosha mikono karibu uguse kuta zote mbili, roshani zimejaa maua na nguo zilizoanikwa, na harufu ya samaki wa kukaanga inakufuata kila kona. Mama alisimama katikati ya njia na mkoba wake. "Kumbe Wazungu nao wana Mji wa Kale kama wetu wa Mombasa," akasema, "wakatuficha miaka yote hii!" Baba alikuwa ameazima kitabu cha wasafiri maktaba, akakisoma mpaka kikalegea. Alitaka tuone kanisa kuu lenye kuba la manjano, ngome iliyo ndani ya bahari, na minara ambayo matajiri wa zamani walipanda kuangalia kama meli zao zinarudi. "Kesho asubuhi," alitangaza, "viatu vya kutembelea!"

Lakini Mama alikuwa na ratiba yake. Huwezi kuhamia mahali usijijulishe kwa jirani, hata kama umehamia kwa wiki moja. Alikuwa amefungasha unga na iliki kutoka London, na kabla hatujafungua masanduku katika fleti tuliyopanga, mahamri yalishaumuka. Tukatumwa na sahani ghorofa ya juu, kwa bibi mmoja mfupi, mweupe wa nywele, jina lake Pilar. Alionja, akafumba macho, akatubusu mashavu yote mawili. Nassir alijifuta njia nzima ya kurudi.

Jioni Bibi Pilar akabisha hodi. Ameleta sahani ya Mama iliyooshwa, na juu yake sahani yake mwenyewe, ya maua ya buluu, imejaa vitu vya rangi ya dhahabu vinavyonukia. Mama aliuma kimoja, akakaa kitako. "Baba Zuhura, hizi ni bajia! Huyu bibi ametia kamba ndani ya bajia!"

Nyote mliolelewa na mama wa pwani mnajua kilichofuata. Kwetu sahani ya watu hairudi tupu. Mama alijaribu desturi hiyo Kilburn, sahani zake zikarudi zinang'aa, safi, na kadi ya asante ndani. Moja ilirudishwa kwenye mfuko, ikaning'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Akaacha. Sasa, baada ya miaka yote ile, amempata mtu aliyemjibu.

Ikawa vita. Sambusa zilipanda juu, samaki wa kukaanga wakashuka. Mbaazi za nazi zikapanda, mchicha na dengu ukashuka. Kila asubuhi Baba alisimama mlangoni na kamera shingoni, na kila asubuhi Mama alisema, "Ngoja kwanza nirudishe sahani ya watu." Nassir alishika tumbo, "Mum, I'm full, I'm actually dying," akagoma kupanda ngazi, nami nikamuunga mkono. Ikabidi Baba ndiye awe mpeleka sahani. Baba huyohuyo ambaye Kilburn hakupata kubeba kikombe chake mwenyewe mpaka jikoni!

Siku ya tatu kikashuka chakula cha mchuzi mzito, na vipande ndani yake ambavyo Mama hakuvielewa. "Nenda kaulize kama ni nguruwe," akasema. Baba hakujua Kihispania hata neno. Alipanda, akasimama mbele ya mlango wa Bibi Pilar, akavuta pumzi, akakoroma kama nguruwe. Jengo zima lilisikia. Milango mitatu ilifunguka. Bibi Pilar aliweka mkono kifuani kuapa, kisha akaunganisha viganja akaanza kuogelea pale pale ukumbini. Baba akarudi chini na heshima zake zote. "Ni samaki," akasema. Mama alificha uso kwenye kanga, mabega yakimtikisika.

Siku moja kabla ya kuondoka alishuka binti wa Bibi Pilar, aliyejua Kiingereza kidogo. Alimkuta Mama amezama kwenye unga mpaka viwiko. Akasema, kwa aibu kubwa, kwamba mama yake ni mzee na amechoka, lakini hawezi kuwa wa kwanza kuacha. Je, yawezekana sisi tuache? Nikamtafsiria Mama. Mama akaangalia unga, akaangalia ngazi. "Mwambie," akasema, "hata mimi mikono yaniuma tangu juzi!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi Pilar akaletwa chini, akakalishwa jikoni kwetu, wakamenya machungwa na kuzungumza mchana kutwa, kila mmoja kwa lugha yake, na walisikilizana vizuri kuliko mikutano mingi niliyohudhuria. Kile kicheko cha Mama nilikuwa nimekisahau.

Jioni hiyo tulikaa kwenye ukuta wa bahari, upepo ukitupiga. Minara hatukuipanda, ngome tuliiona kwa mbali. Mama akasema, "Baba Zuhura, ile tikiti ya Mombasa." Baba aliacha kutafuna. "Usinikatie ya kwenda tu. Kata ya kwenda na kurudi."

"Inshallah," Baba akasema, akageukia upande wa pili na kulaumu upepo kwa kumtia mchanga machoni.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama kama ni ule mji uliombadilisha moyo. "Mji gani?" akanicheka. "Nilimuona babako akikoroma kama nguruwe mbele ya watu kwa ajili yangu. Mume kama huyo wamwachaje na basi?" Na tuliporudi Kilburn alianza upya kugonga milango, akazidi ukaidi, mpaka jengo zima likajua mahamri.

Leo naishi Queensbury, papa hapa London. Chakula chetu huletwa na kijana wa pikipiki, anakiweka chini, anakipiga picha, anatoroka kabla hujafungua. Wanangu wakigongewa mlango wananyamaza na kutazamana kama wezi. Nawacheka sana, na nawahubiria habari za Cádiz mpaka wanachoka.

Mwezi uliopita Mama alikuja kunitembelea. Alisimama dirishani, akatazama nyumba inayoshikana na yetu ukuta kwa ukuta.

"Huyu jirani yako ni nani?"

"Watu wazuri tu, Mama. Hawana kelele."

"Nimekuuliza jina, mwanangu."

Wanangu waliinua vichwa kutoka kwenye simu zao, wakanitazama, wakisubiri jibu pamoja naye. Nikaenda jikoni kutoa unga na iliki.