Kifungo Kilishonwa na Nani

Shati la kazi la Wyson lilikuwa la kaki, na kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshikizwa kwa uzi wa kijani. Ellestina alikiona Ijumaa jioni, mumewe alipoinama kunawa mikono ili wale nsima.

"Hicho kifungo si kilikuwa kimedondoka?"

"Kimeshonwa," Wyson akajibu, akamega tonge.

Ellestina Kachingwe alikuwa akifundisha Kiingereza katika sekondari iliyo chini ya mlima Zomba tangu atoke chuoni, na hakuna somo alilolipenda kama kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Waliopita mikononi mwake walimkumbuka kwa swali moja. Ukiandika kwamba dirisha lilivunjwa, anasimama nyuma yako na kuuliza, "Na nani?" Aliwafundisha kwamba mtendaji huachwa nje ya sentensi kwa sababu hajulikani, au hana umuhimu, au msemaji hataki kumtaja. "Hiyo ya mwisho ndiyo yenye mambo," alizoea kusema, na darasa hucheka.

Jioni ile hakuuliza. Alikula, macho yake kwenye uzi.

Wyson alikuwa mlinzi wa msitu wa misonobari huko juu mlimani. Alikuwa akipanda kila Jumatatu na kushuka kila Ijumaa, na nyumba aliyoshukia ilikuwa ya mkewe, kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, kama desturi ya kwao inavyotaka. Hakuwa mgomvi wala mlevi. Ila akiwa ndani ya nyumba hiyo, maneno yake hayakuwa na mtendaji. Sukari imeisha. Mlango umelegea. Banda la kuku litajengwa. Banda hilo lilikuwa la kujengwa tangu binti yao Thoko yuko shule ya msingi, na sasa Thoko alikuwa na watoto wake huko Balaka.

Kumbe mlimani alikuwa mtu mwingine. Kesho yake, akinywa chai, alisimulia kwa raha ambayo Ellestina alikuwa ameisahau.

"Wiki hii nilipasua mbao. Nikaezeka. Nikachimba na mtaro, maji yasiingie ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Huko huko juu."

Kwenye kifungo alikosekana aliyeshona. Kwenye paa alikosekana aliyeezekewa. Ellestina aliziweka sentensi mbili kando kwa kando, na wivu ukampanda. Jina alikuwa nalo tayari. Mdogo wake Esnart, anayekaanga mandazi nyumba ya pili, alikuwa amelitupa kama utani mwezi uliopita: "Dada, shemeji anapendwa huko juu. Yule mjane Elube, muuza stroberi, anampunguzia bei mpaka wenzake wananuna."

Jumatatu akaingia darasani hajalala vizuri. Msichana mmoja, Fatsani, aliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba mama yake aliolewa na baba yake, neno kwa neno kama tunavyosema majumbani kwetu. Ellestina akaeleza, kama alivyoeleza kila mwaka, kwamba Mwingereza akisoma hivyo ataelewa kuwa baba ndiye mchungaji aliyefungisha ndoa.

"Wenzetu wana kitenzi kimoja tu," alisema. "Mwanamume anaoa, na mwanamke naye anaoa."

"Hata mwanamume anayehamia kwa mkewe, mwalimu?"

"Hata huyo."

"Afadhali," mtu akasema kutoka viti vya nyuma. "Basi baba zetu wameoa kwa Kiingereza."

Darasa zima likaangua kicheko. Ellestina naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo. Alikumbuka siku ya harusi yake, rafiki zake Wyson walivyomzunguka wakiimba kwamba bwana harusi anaolewa, na yeye, bibi harusi, akacheka mpaka machozi. Baadaye, katika ugomvi, alimtupia mumewe neno hilohilo bila kucheka. Tangu hapo ndipo banda la kuku likaanza kuwa la kujengwa.

Ijumaa hakungoja anawe.

"Baba Thoko, kifungo chako kilishonwa na nani?"

"Mwalimu, nimechoka."

"Sema sentensi nzima."

Wyson alitua mfuko wake chini. Alimtazama, kisha akasema polepole, kama mwanafunzi aliyesimamishwa asome.

"Elube alinishonea kifungo. Mimi niliezeka nyumba ya Elube, ilikuwa inavuja. Akaniambia ahsante, akanipa viazi, nikala, nikarudi kambini. Hakuna kingine."

Ellestina alimwamini, na hapo ndipo palipouma. Angesikia ya kitandani, angemwita mjomba wake, wazee wangekaa, maneno yangesemwa. Lakini ahsante unaishtaki kwa mjomba gani? Alimwona mwanamke yule amesimama chini ya paa jipya, akimtazama Wyson anashuka ngazini, na Wyson anapangusa mikono, anajua kwamba ameonekana. Alimwonea Elube wivu kwa ile ahsante kuliko ambavyo angemwonea kwa mwili wake.

"Na mimi?" aliuliza. "Niko wapi kwenye hizo sentensi zako?"

"Wewe unasahihisha," Wyson akasema. Hakuwa na hasira. Akaenda kunawa.

Jumamosi, shati likiwa bado bichi kwenye kamba, Ellestina aliukata uzi wa kijani kwa wembe na kukishika kifungo kiganjani. Alifungua droo, akafungua kopo la chaki, akapekua kikapu cha marehemu mama yake. Nyumba nzima haikuwa na sindano. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho ilipokuwepo, akashindwa.

Akavuka uwanja hadi kwa Esnart, shati begani.

"Niazime sindano na uzi wa kaki."

Esnart aliepua mandazi, akalitazama shati, akamtazama uso. "Leo kuna nini, dada?"

"Kuna kifungo kinashonwa."

"Na nani?" Esnart akasema, akicheka. Swali hilo ukoo mzima ulikuwa umelishika.

Ellestina hakucheka. Alipokea sindano, akaketi kizingitini, akaiinua kwenye mwanga kutafuta tundu.

"Na mimi," akasema.