Makaa Juu ya Mfuniko

Nusu ya harusi za Same kapika Mwanaidi, na mkaa wote kanunua kwangu, pale nyuma ya stendi. Mumewe alipomwacha na watoto wawili, gunia la kwanza la kuanzia upishi nilimpa mimi, bure. Pilau yake haina mpinzani. Maji yakishakauka anaupalia mchele, yaani anamwaga makaa ya moto juu ya mfuniko, moto uingie juu na chini. Bila hivyo hakuna pilau, kuna wali wa rangi.

Halafu wakaja hao wa gesi, na maturubai na maspika yao. Eti dunia nzima inaacha mkaa, Ulaya huko, Uchina huko, wameshakubaliana. Wamekubaliana na nani? Mimi hawakuniita! Wiki hiyo hiyo tukaambiwa wauza mkaa tuondoke stendi. Na nani kachukuliwa awapikie wageni pilau ya gesi siku ya uzinduzi wao? Mwanaidi.

"Kila mtu na riziki yake, Mama Kurwa," akanijibu nilipomuuliza. Keshavaa na aproni yao.

Siku yenyewe namwona huyo anakuja, kajifunika khanga mpaka puani.

"Mama Kurwa, nisitiri. Chini panaungua, juu mchele bado mbichi. Nipe makaa ya moto."

"Kwani mtungi umekufa?"

"Usinicheke, mwenzangu. Nitakutaja mbele yao, wallahi. Nitawaambia mkaa bado una kazi, wasikuondoe hapa."

Hapo nikalegea. Nikamjazia karai.

Watu walikula, wakalamba vidole. Mgeni rasmi, suti imembana, akashika kipaza sauti. "Mama, hebu tuambie, siri ya pilau hii ni nini?" Mimi nimesimama pembeni, khanga nimeshaifunga vizuri, nangoja jina langu.

"Gesi, mheshimiwa," akasema Mwanaidi. "Gesi tu."

Wakapiga makofi. Damu ilinichemka! Nikazunguka nyuma ya turubai, sufuria la pili lilikuwa bado limepaliwa. Nikakomba makaa yangu yote, mekundu, nikayarudisha kwenye karai. Nikalishika kwa matambara na kupita mbele ya meza kuu, taratibu, upepo wa Same unawarushia majivu kwenye masuti.

"Nini hicho, mama?" akauliza mgeni rasmi.

"Siri ya pilau."

Mwanaidi alinifuata mpaka kibandani analia. "Umenimaliza, Mama Kurwa! Umenimaliza!"

"Umeanza wewe," nikamwambia.

Watu wa gesi hawakumwita tena. Na mimi kibanda changu kimevunjwa, sasa nauzia nyumbani. Jana kaja, kajifunika vilevile, ana harusi Maore Jumamosi na anataka magunia mawili.

Mkaa upo, nimemwambia. Ila aje auombe kwa kipaza sauti.