Folda Moja, Majina Mawili

Ofisini walimwita Fundi, kwa sababu kihariri chao, ile programu ya kuandikia na kupangia mafaili, kilimtii yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Nyumbani aliitwa kwa makofi.

Mumewe alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga kwa chumvi iliyozidi, kwa simu iliyochelewa kupokelewa, na siku moja alimbamiza ukutani hadi jino likatoka. Kila alipopigwa, Fundi alijifungia bafuni akajipiga picha: jicho, ubavu, shingo yenye alama za vidole. Zote alizitia kwenye folda moja. Jumatatu zingesimama naye mahakamani akidai watoto wake. Bila hizo lingebaki neno lake dhidi ya neno la mume, na huyo bwana alikuwa na ulimi wa asali.

Jumamosi mchana akasikia geti. Mumewe hakosi kupekua kompyuta, basi Fundi akafungua kihariri, akainakili folda kwenda kwenye nyingine iitwayo Risiti, akaambiwa kazi imekamilika, akaifuta kabisa ile ya kwanza. Haraka haraka haina baraka, lakini kamwambie hivyo mtu anayesikia viatu vya mumewe ngazini.

Akafungua Risiti. Hakukuwa na kitu.

Hapo akakumbuka. Risiti haikuwa folda. Aliiunda mwenyewe akichunguza dosari ya kihariri: lilikuwa jina la pili tu la folda ileile, kama mtoto anayeitwa hivi shuleni na vile kwa bibi yake. Kabla ya kunakili, kihariri kilipaswa kuhakikisha kwamba huku na kule si mahali pamoja. Chenyewe kililinganisha herufi za majina, kikaona zinatofautiana, kikaridhika; kumbe hakuna picha iliyonakiliwa popote, na kuifuta folda kulizifuta zote. Dosari hiyo alipewa airekebishe, naye akaiweka kando akisema si ya leo. Alijichukia mno.

"Unaficha nini?" mumewe akauliza mlangoni.

"Kazi ya ofisi, mume wangu. Imeharibika."

"Si uolewe na hiyo kompyuta yako!"

Akamkamata nywele, akamgongesha uso kwenye ukingo wa meza, akarudia. Fundi alisikia pua yake ikivunjika, akaanguka sakafuni, kompyuta ikaanguka naye. Mume alipoinua mguu amkanyage, Fundi aliikwapua kompyuta kwa mikono miwili akamtwanga nayo goti la mguu aliosimamia. Jitu likaanguka likibweka. Fundi akatoka peku, damu ikimchuruzika hadi kifuani, na barabara nzima watu wakampisha.

Kituoni askari wa zamu alimletea beseni la maji.

"Pole, dada. Nawa kwanza, ndipo tuandike. Ushahidi unao?"

"Nilikuwa nao. Nimeufuta kwa mkono wangu."

"Basi hapo pagumu. Haya, nawa uso."

Fundi akalisukuma beseni, maji yakamwagika sakafuni.

"Sinawi. Toa simu yako unipige picha hivi hivi."

Akageukia dirishani, penye mwanga, asifiche hata upande mmoja.