Siku Niliyokimbia na Sanda

Nilianza kuosha maiti nikiwa na miaka ishirini na minne, na nilipokaribia thelathini nilikuwa nimejaa kiburi cha kazi ile. Mchana nilikuwa karani katika duka la karatasi na wino katikati ya Nairobi. Akifa mwanamume Mwislamu, hasa mmoja wetu tuliotoka pwani, msikiti ulituma mtu kuniita, nami nikavua saa, nikakunja mikono ya shati, nikafanya linalofanywa. Wafiwa wakilia kupita kiasi niliwakanya. Niliwaambia kifo ni haki, na kwamba mimi nikiitwa hata leo nitaitika bila kinyongo. Mke wangu, aliyekuwa amechoka kunisikia, aliniuliza siku moja kama nimeshafunga mizigo.

Jumamosi moja mwanzoni mwa miaka ya sabini alifariki mzee mmoja, karani mstaafu, nyumbani kwake Woodley. Roho ilitoka alfajiri, ikaamuliwa azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Kwetu maiti hacheleweshwi. Ukimchelewesha bila sababu unajiona umemkosea yeye na Mola wake. Nilipofika nikakuta bafta ya sanda aliyonunua mwanawe ni fupi, haitoshi shuka tatu za mtu mrefu kama babake. Nikasema nitakwenda mjini mwenyewe na kurudi kabla maji hayajapata moto.

Duka nililolizoea lilikuwa mtaa wa Biashara. Mwenye duka, Mhindi aliyenijua kwa miaka mingi, aliniona uso akajua ni sanda. Akapima, akaichana kwa mikono. Nililipa bila kupatana bei. Alipoinama kutafuta karatasi ya kufungia nikamwambia aache, basi litaniacha. Nikaitia bafta kwapani vilevile, ncha moja ikining'inia, nikatoka mbio.

Kule nilikozaliwa, mtu akikimbia na bafta nyeupe kwapani, mtaa mzima unajua kuna msiba. Wanampisha, wanamwombea marehemu, wanauliza ni nani. Nairobi waliona mtu anatoka mbio katika duka la vitambaa na kitambaa kipya kisicho na karatasi, na mwenye duka mlangoni anapiga kelele nyuma yake. Maskini alikuwa akiniita nirudi nikachukue kafuri na pamba, nilivyovisahau mezani.

"Mwizi! Shika yeye!"

Sikugeuka hata, maana sikudhani ni mimi. Rungu la mlinzi wa duka la pili likanipata nyuma ya sikio, nikaanguka kifudifudi. Teke la kwanza lilinitoa meno mawili. La pili lilinipata mbavuni, nikasikia kitu kinakatika ndani yangu. Mwanamke mmoja alivua kiatu akawa ananipiga nacho utosini, taratibu, kana kwamba anatwanga. Wengine walivuka barabara wakikimbia ili nao wapate nafasi ya kupiga.

"Lete mawe!" mtu akasema. "Hawa ndio wanamaliza maduka ya watu. Huyu afe leo!"

Nilijua nakufa. Nilikuwa nimekaa na watu wengi wakikata roho, nikiwanong'oneza shahada masikioni mpaka midomo yao ifuate. Sasa zamu ikawa yangu, nikaitafuta shahada, haikuja. Nilikojoa suruali. Nililia nikimwita mama yangu, aliyekuwa kaburini miaka tisa. Mtu aliinua jiwe la ukubwa wa mkate, nikaliona, na katikati ya miguu yao nikamwona pia mwanamume wa sweta ya kijani, amesimama ukutani na mfuko mkononi. Ni yeye peke yake ambaye hakuwa akinipiga.

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Ni yule! Yule wa sweta ya kijani! Yeye ndiye ameiba, amenipa nishike tu!"

Wakageuka. Yule bwana akafanya kosa lilelile nililofanya mimi: alikimbia. Wote wakamfuata, na jiwe likaenda nao. Nami nikafurahi. Sijapata kufurahi namna ile, wala siku ya harusi yangu wala siku ya mtoto wangu wa kwanza.

Mhindi alifika akihema, kafuri mkononi, akimfokea mlinzi. "Huyu kwisha lipa! Huyu mtu ya msikiti! Hii nguo ya maiti!"

Mlinzi aliniinua, akanipangusa vumbi begani. "Pole, bwana. Lakini sasa ulikuwa unakimbia ya nini?"

Makelele yalikuwa bado yanasikika pembeni mwa mtaa. Miguu yangu ilikuwa mizima. Ningeweza kwenda, au kumtuma Mhindi, au hata kupaza sauti tu. Mhindi aliniuliza wanampiga nani kule. Nikamwambia simjui. Akanichania bafta nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imejaa damu, na safari hii akaifunga vizuri katika karatasi. Nikarudi Woodley, nikaosha, tukamzika mzee wetu kwa wakati. Watu walinisifu kwa kuifanya kazi na mdomo umevimba.

Jumatatu nilimwuliza mpiga viatu rangi wa mtaa ule habari ya mtu wa sweta ya kijani.

"Huyo aliisha hapo hapo," akasema, bila kuinua macho kutoka kwa kiatu. "Walipasua yeye kichwa. Kumbe kwa mfuko ni mashati yake tu, ametoa kwa dobi."

Sikujua jina lake, wala ni nani aliyemwosha. Niliacha kuosha maiti mwaka mzima. Wakija kuniita nilisema mbavu hazijapona, na wafiwa nilianza kuwaacha walie wanavyotaka. Mwishowe nilimweleza mke wangu yote, jioni, katika chumba chetu cha kupanga Riruta, akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu wala hakunitetea.

"Ungejua watamuua," akaniuliza, "ungemwonyesha?"

Nilitamani sana kumdanganya. Nikamwambia, ningemwonyesha. Hata leo hii, wakiinua lile jiwe, ningemwonyesha tena.

Akasogeza ungo na kukaa mbali nami kidogo.