Mama Mbwa na Sauti ya Kuazima

Kwa miaka mingi Mama Mbwa hakuwahi kumdanganya mbwa. Sheria hiyo aliwapa wateja wake kabla hawajashika kamba: ukimwambia mbwa una nyama, uwe nayo. Mtu aliyedanganywa hununa, kisha husamehe. Mbwa hanuni, ila hatakuamini tena.

Jina la Mama Mbwa alibandikwa na dada yake utotoni, kwa kejeli, kwa kuwa nguo zake hazikuisha manyoya wala mfuko wake haukukosa mfupa. "Wenzako watazaa watoto, wewe utazaa vijibwa," dada alimcheka. Hakujali. Alipokua aliendesha duka la vitambaa hadi akalichoka, akakodi kiwanja chenye uzio wa waya, akaanza kufunza mbwa kukaa, kusubiri na kutembea ubavuni mwa bwana wao. Lile jina la kejeli akaliandika getini kwa rangi nyekundu.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo fundi saa mstaafu, mzee mwenye mguu mbovu na mbwa jike mweusi. Mbwa huyo akiambiwa "subiri", hajongei hadi mzee akohoe kidogo na kusema, "Haya bibie, twende."

Mzee akafa kitandani mwake. Baada ya mazishi, binti yake alikuja kiwanjani macho yamemvimba.

"Mama, yule mbwa amelala mlangoni mwa chumba cha baba. Hali, hanywi. Tukisogea anatutolea meno."

"Baba alimwambia asubiri?"

"Ndilo neno lake la mwisho. Alimwambia yeye, si sisi."

Walifika nyumbani kwa mzee adhuhuri, jua likiwaka hadi ndani ya ukumbi. Mbavu za mbwa zilihesabika. Mama Mbwa alijaribu nyama, akajaribu maji, akajaribu sauti yake mwenyewe. Wapi!

"Sauti ya baba unaiweza," binti alisema. "Ulikuwa ukimwigiza hapahapa, naye anacheka mpaka anashika mbavu."

"Kumwigiza mtu aliye hai ni utani, mwanangu. Huku ni kumdanganya mnyama."

"Basi afe na ukweli wako."

Mama Mbwa alimtazama mbwa, akaona kweli hatamaliza siku mbili. Akakohoa kidogo. "Haya bibie, twende."

Mbwa aliinuka, mkia ukicheza. Lakini hakumtazama aliyesema. Alipita pembeni ya sketi yake, akasimama katikati ya ukumbi mtupu, akainua macho hadi pale ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa. Kisha akaanza kutembea: hatua, akingoja, hatua, akingoja, kama atembeaye na mtu mwenye mguu mbovu. Mlango wa nje ulipofunguliwa hakutoka. Alikaa kando kwanza, akapisha.

"Baba," binti alinong'ona.

Jioni mbwa alikula, wala hakurudi tena mlangoni pale.

Asubuhi, kiwanjani, Mama Mbwa alimwambia mbwa wa mteja, "Twende." Mbwa akatazama nyuma ya bega la Mama Mbwa, akatikisa mkia, akabaki ameketi, anangoja. Wa pili vivyo hivyo. Mbwa wake mwenyewe, aliyezoea kulala miguuni pake, alisimama kizingitini, akaitazama kona iliyo nyuma ya bibi yake, akaenda kulala uani.

"Mama, mbwa wangu anamtazama nani?" wateja waliuliza.

Angeweza kuwapa sababu yoyote, lakini hakutaka kuongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Wapo wasemao uongo wa huruma si uongo. Ni uongo, na aliyeusema alilijua hilo kabla hajakohoa.

Wateja walipungua, kisha wakakoma. Kiwanja alikifunga, akarudi kuuza vitambaa. Mbwa wa mzee alipona na kunenepa. Lakini hakuna mbwa, hata wake mwenyewe, aliyemjia tena Mama Mbwa alipomwita.