Kinyozi wa Kurasa

Kazini walimwita Kinyozi, ingawa hakuwahi kushika mkasi. Alinyoa kurasa za tovuti ya hospitali ili zifunguke kwenye simu dhaifu. Nimewaona mafundi wa aina hiyo katika miji mingi, na karibu wote humpima msomaji kwa simu zao wenyewe. Yeye alimpima kwa simu ya mama yake.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Daktari wa upasuaji alipita hospitalini hapo mara moja tu kwa mwaka.

"Mwanangu, simu hii inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala," alilalamika. "Nitaijuaje siku ya daktari?"

Basi Kinyozi akanyoa. Akaondoa video ya mkurugenzi, akaondoa mapambo, mwisho akaagiza simu dhaifu zisipelekewe picha hata moja. Ukurasa ukafunguka papo hapo.

"Alhamisi!" Mama alisoma, kioo kikikaribia kumgusa pua. "Kumbe umesoma kweli, si kuvaa tai tu."

Alhamisi wakakuta mabenchi matupu.

"Daktari aliondoka jana," muuguzi alisema. "Siku ya upasuaji tuliirudisha nyuma hadi Jumanne. Kwani hamkuona tangazo kwenye tovuti?"

Kinyozi akatoa simu yake nzuri. Tangazo lilikuwa juu kabisa, limepigwa muhuri. Akaishika ya mama: Alhamisi, maneno ya zamani, kwenye ukurasa mweupe peee. Akampigia karani wa matangazo.

"Nimeandika, nikagonga muhuri, nikapiga picha, nikaipandisha," karani alijibu. "Sasa kaka, tangazo bila muhuri nani ataliamini?"

Picha hiyo Kinyozi alikuwa ameizuia mwenyewe.

"Daktari hawezi kurudi?" akamuuliza muuguzi. "Hata kwa mtu mmoja?"

"Amevuka mpaka, kaka. Ni mwakani."

"Mwakani nitakuwa nakutambua kwa sauti," mama alisema, akacheka kidogo. "Usije ukakaukwa na sauti tu."

Mlangoni akaingia mwanamke anayepapasa ukuta, ameshika simu ndogo. Nyuma yake wazee wawili, wameshikana mikono.

"Hodi jamani. Foleni ya macho ndiyo hii?"

"Karibuni," mama alisema, akawasogezea nafasi.

Kinyozi alisimama kuwaambia. Nje, wengine walikuwa wanapanda ngazi, simu ndogo mikononi.