Imbwa Aliyekataa Sufuria Yangu

Nimelisha mji huu wa Bukavu, na shule sikuisoma hata kuifikisha katikati. Wachukuzi wa soko ya Kadutu, walimu, askari wa kila serikali iliyopita hapa, wote walikulaka kwenye mabenchi yangu. Hakuna mutu alinirudishia sahani na chakula ndani. Kwa hiyo siku imbwa yangu muzee aligeuza kichwa mbele ya bugali yenye supu ya mufupa, mimi sikuona ugonjwa. Niliona zarau.

"Unaringa?" nikamuambia. "Na hayo meno yako mabovu?"

Nikamuondolea sahani. Nilifikiri njaa itamufundisha, vile ilinifundishaka mimi. Asubuhi akaramba maji kidogo, akalala. Kesho yake vilevile. Mbavu zikaanza kutoka inje, mukojo ukamuponyoka palepale alipolala, yeye ambaye hakuchafuaka lupango, kiwanja changu cha nyumba, hata akiwa mutoto. Hapo nikaogopa.

Bwana yangu alikufa zamani. Watoto, wale niliosomesha kwa kuuza sombe ya majani ya muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwa, walivuka muto wa Ruzizi, wakatoka mu inchi, wakati vita iliingia mu mji. Wananipigia simu: maman, kuja huku. Nije wapi? Nyumba hii niliijenga kwa sufuria. Mangaribi nikitoka sokoni, wa kunipokea alikuwa imbwa, na kwa sababu yake nilikuwa nikiwasha mbabula, jiko la makala, ya nyumbani. Mutu wa peke yake hapiki. Anakula mabaki amesimama, anaenda kulala.

Basi nikapigana. Nilimupikia sambaza bila chumvi, uji, mpaka maini ya ngombe. Jirani akachungulia juu ya ukuta wa lupango.

"Maman, imbwa anakula maini? Kuanzia leo na mimi ninabweka!"

"Bweka," nikamujibu. "Lakini utalinda nani? Hata bibi yako anakupiga."

Alicheka sana. Imbwa hakuinua hata sikio. Jirani alipoona hivyo akaacha kucheka, akasema polepole: "Ao wamemupa karuho?"

Huku kwetu kila mutu akikonda, tunasema karuho, ile sumu inayoua taratibu. Neno likaniingia. Nikachukua mafuta ya mawese na maziwa, nikamumiminia mu koo ili atapike. Alitapika povu ya manjano, akatetemeka mwili muzima. Tangu pale miguu ya nyuma haikumubeba tena.

Nikamuita papa mumoja, muzee anayechanjaka ngombe huko Kabare. Alimufunua mudomo.

"Ona fizi, maman. Zimekuwa nyeupe. Shika miguu: baridi. Hii si karuho, ni uzee. Mwili wake haukihitaji tena chakula. Ukimusukumia unamutesa."

"Basi umupige sindano ya kurudisha njaa."

"Sindano iko. Lakini haitarudisha njaa."

Nilimuelewa vizuri: ni ile ya kumumaliza. Nikamuambia atoke mu lupango yangu, na asiniage.

Nilimulaza imbwa karibu na makala, juu ya gunia. Akajikokota kwa miguu ya mbele, akaenda nyuma ya nyumba, chini ya migomba, pale udongo hauishi kulowana. Nikamubeba, nikamurudisha kwenye joto. Akajikokota tena. Nikamurudisha tena, nikamubana katikati ya magoti, nikamufungua mudomo kwa nguvu na kijiko cha uji.

Akaniuma.

Maisha yake yote hakuniuma. Hata sasa nguvu haikuwa: aliufunga mudomo juu ya mukono wangu, akauacha hapo, akinitazama kwa yale macho yenye ukungu. Nikamupigia kelele kama mwenda wazimu: "Na mimi nitapikia nani? Sema! Nitapikia nani?"

Akafunga macho. Niliweka uji chini, kuku wakaja wakaumaliza.

Nikamubeba mimi mwenyewe mpaka chini ya migomba. Mvua ilikuwa inanyesha, nikatufunika wote wawili na gunia. Soko sikuenda. Simu ililia: wateja, maman uko wapi, tuna njaa. Nikaizima. Wakule kwao.

Alikuwa anavuta pumuzi, inakatika, unangoja, anavuta ingine. Kila ikikatika mukono wangu ulikimbia kwenye mbavu zake. "Vuta, papa. Vuta tena." Kumbe nimeacha kumuomba akule, sasa ninamuomba apumue. Mimi sijui kukaa na mutu bila kumudai kitu. Ndivyo nilivyojenga nyumba, ndivyo nilivyolea watoto.

Alivuta. Nikaziba mudomo wangu na kitambaa, ili nisimuombe ingine.